Breki za Alhamisi

Alhamisi, tarehe 1 Februari 1979

Leo gari imetetemeka. Haijawahi. Naandika nijue siku ilianza.

Tulitoka Maseno asubuhi kama kila Alhamisi, kumpeleka Mama Safia kwa daktari wa mifupa, hospitali kubwa ya Kisumu. Mke wangu hawezi kukaa. Mgongo haumruhusu. Analala nyuma ya pikapu juu ya godoro, na Adero jirani yetu anamshika kichwa na kumfungulia mwavuli. Adero ni mjane, Mjaluo wa hapa hapa, mdomo mkubwa, lakini mkono wake mwepesi kwa mgonjwa. Bila yeye sijui.

Kuteremka mlima naenda pole pole sana. Mguu juu ya breki kutoka juu mpaka chini, siuondoi. Malori yanapita yakipiga honi, turniboi wanatoa vichwa kunitukana. Wapite! Wao wamebeba mahindi, mimi nimebeba mtu.

Hospitali wakampokea. Mimi moja kwa moja ziwani kuosha gari. Gari yangu mimi Muhidin haionekani mjini na vumbi, hilo Kisumu nzima wanajua. Naingiza mpaka maji yafike nusu ya tairi. Magurudumu ya mbele yanalia chwaaa, mvuke unapanda. Napenda hiyo sauti. Gari inakunywa maji baada ya kazi. Lori ya Mhindi niliiosha hapo hapo tangu wakati wa Mzungu na haikusema kitu.

Kurudi, pale njia panda ya Kisian nikafunga breki — stering ikacheza mkononi kama samaki!

Ni lami. Malori ya miwa yamekula lami.

Mama Safia alisema "Aa!" mara moja. Nikadhani ni ule mgongo tu.

Jumamosi, tarehe 3 Februari

Nimehamisha tairi. Za mbele nyuma, za nyuma mbele. Peke yangu, na jeki. Vijana wa soko walikuja kusaidia, nikawafukuza. Nilikuwa nabadilisha tairi ya lori porini, fisi wanatazama, na baba zao hawajaoa!

Mama Safia alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Akasema, Baba Safia, angalia hiyo jeki isikuzike kabla yangu. Nikamwambia asiseme maneno hayo. Akacheka. Kucheka kunamuuma, akashika ukuta.

Nimejaribu gari mpaka sokoni na kurudi. Hapo ni tambarare, haikutetemeka sana. Kidogo. Kidogo sana.

Alhamisi, tarehe 8 Februari

Si tairi.

Kila nikigusa breki, gari yote inatikisika. Inaanza kwenye mguu, inapanda kwenye stering, halafu bodi yote. Na nyuma, analia. Si kwa sauti kubwa. Kama mtu aliyekanyaga mwiba. Breki — anasema aa. Breki — aa. Mlima wote.

Ng'ombe walivuka karibu na Kisian nikafunga kwa nguvu. Adero akapiga paa la gari kwa ngumi. Jaduong', mzee, unatuua huku nyuma! Nikamwambia ni barabara. Akasema, hii barabara inapitwa na magari yote, kwa nini ni yako tu inacheza ngoma ya ohangla?

Mwanamke hajui gari.

Niliosha ziwani kama kawaida. Wanawake wa kufua waliniambia nitoe gari, natia maji matope. Nikawaambia ziwa ni la Mungu.

Ijumaa, tarehe 9 Februari

Baada ya sala nimeteremka Kisian kwa Wabwire fundi. Msamia, mfupi, anaongea kama redio. Sikutaka kwenda. Mimi ndiye huambia mafundi gari ina nini. Lakini nilikwenda.

Akatoa tairi ya mbele. Ndani kuna sahani ya chuma, ndiyo inayobanwa na breki. Hizi pikapu za siku hizi ndivyo zilivyo, mbele ni sahani, iko wazi. Lori zetu zilikuwa na breki za ngoma, zimefunikwa. Wabwire akafunga bisibisi kwa waya, ncha karibu na sahani, akazungusha kwa mkono. Akasema, sikiliza Mzee. Kwaruu — kimya. Kwaruu — kimya. Upande mmoja inagusa, upande mwingine haigusi.

"Imepinda," akasema.

Nikacheka. Chuma cha unene ule kipinde kama chapati?

"Kama chapati kabisa. Na wewe ndiye uliipika, Mzee."

Akaniuliza nateremka mlima na gia gani. Nikasema gia ya tatu, mguu kwenye breki, kwa sababu ya mgonjwa. Akauliza naosha wapi. Ziwani. Saa ngapi? Nikishafika tu. Akaweka bisibisi chini. Akasema, Mzee, sahani inafika pale nyekundu, ungeweza kuchoma mahindi juu yake, halafu unaitupa kwenye maji baridi. Ungefanyiwa wewe hivyo usingepinda?

Wale vijana wake wakacheka. Mmoja akasema eti Mzee anabatiza gari.

Nikamwambia Wabwire, nilianza kuendesha ukiwa bado unanyonya. Nimeosha lori ziwani miaka na miaka! Akasema, lori ilikuwa na ngoma, Mzee, na ulikuwa unashuka na gia. Hii umeishusha na mapenzi.

Nikaondoka na gari yangu. Maneno ya kipumbavu.

Jumatatu, tarehe 12 Februari

Usiku uliopita Mama Safia aliniuliza, fundi alisema nini? Nikasema alisema ni kitu kidogo. Akasema, basi kama ni kidogo mpe akitengeneze, maana kwangu huku nyuma ni kikubwa.

Kwa hiyo nimekwenda. Si kwa Wabwire. Nimepita mpaka Kisumu kwa Irungu, Mkikuyu mwenye mashini ya kuchonga chuma. Mtu mpole, haongei kazini. Ametoa sahani zote mbili, akazifunga kwenye mashini, ikawa inakula chuma kidogo kidogo, vinyuzi vinaanguka vinang'aa. Mpaka zikawa sawa. Akazigusa kwa kidole gumba, akanipa nami nizifute.

Akasema, Mzee Muhidin, nimetoa chuma yote ya kutolewa. Zikipinda tena hakuna cha kuchonga, zitakuwa nyembamba. Na ile mambo ya maji, Wabwire aliniambia.

Kumbe wananisengenya! Mafundi wawili wameketi kuzungumza kuhusu mimi kama wanawake kisimani. Nikamwambia afunge tairi anipe funguo yangu.

Lakini gari ni nzuri. Nimefunga breki njia nzima kurudi, bila sababu, nikisikiliza. Kimya. Kama siagi.

Alhamisi, tarehe 15 Februari

Mama Safia alilala njiani! Nasema alilala! Tulipofika hospitali Adero alifungua mlango wa nyuma akasema, Mzee, leo umetubeba kama mayai. Zeituni mke wangu akafungua macho, akauliza, tumeshafika? Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uishe aliuliza hivyo. Siku nyingine huwa ananiuliza kama bado mbali.

Nesi akasema ana uso mzuri leo.

Nikasimama pale uwanjani na funguo mkononi.

Nilifikiri Wabwire na Irungu. Nilifikiri wale vijana wakicheka. Muhidin aambiwe mahali pa kuosha gari, na watu aliowaona wakitambaa? Gari imechongwa, ni mpya. Watu wa ziwani wamezoea kuniona, watasema mzee ameogopa.

Niliingiza.

Chwaaa.

Kurudi, kona ya kwanza tu ya mlima, lori ilisimama mbele yangu na nikafunga. Ilitetemeka kuliko mwanzo.

Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, tarehe 18 Februari

Irungu amesema kama alivyosema. Hakuna cha kuchonga. Sahani mpya mpaka zitoke Nairobi, na Nairobi waagize. Akasema pole. Hakusema neno jingine. Afadhali angesema.

Wabwire nimempita Kisian bila kutazama. Amenipungia mkono.

Alhamisi, tarehe 22 Februari

Leo hakulia.

Gari ilitetemeka vile vile, stering inanipiga viganja, lakini nyuma kimya. Mlima wote kimya. Nikasema alhamdulillahi, zile sindano za hospitali sasa zimeshika. Nilimwambia hivyo tulipofika. Akatikisa kichwa, akasema, ndiyo, zimeshika, we endesha tu Baba Safia.

Nilimwambia daktari pia. Ni kijana, miwani, hana mvi hata moja. Aliniangalia akaandika.

Sikuosha ziwani. Nilikuwa na shughuli nyingine.

Jumamosi, tarehe 24 Februari

Adero alikuja akafua nguo za mgonjwa. Nikawa najisifu kwake. Nikamwambia, unaona? Unapiga kelele kuhusu breki, mwenyewe halii tena.

Akanyoosha leso aliyokuwa anasuuza, ile ya kijani ambayo binti yetu Safia alimletea mama yake kutoka Mombasa. Akaishika kwenye jua. Pembe moja imetoboka matundu matundu.

Akasema, ni meno hayo, Mzee. Anauma leso ili usisikie.

Nikauliza kwa nini hakuniambia.

Akasema, aliniambia nisikuambie. Alisema unaipenda sana hiyo gari na umeshajisikia vibaya.

Basi.

Jumatano, tarehe 28 Februari

Sikuandika. Nimekuwa nikitoka kwenye gari na kuingia.

Mama Safia ndiye alinifundisha kuandika, nina mvi tayari. Yeye alifika darasa la nne kwa wamisheni kabla hatujaoana. Alikuwa ananishika kidole kama mtoto na kusema, Muhidin, hiyo ni R, usiipe tumbo. Nilikuwa nakasirika natupa penseli. Yeye anaiokota. Dereva mkubwa namna hii, alikuwa anasema, atakufa kwa kushindwa na R?

Nilikuwa najua kuandika vizuri baadaye. Vizuri sana, kuliko makarani wengine.

Nimeuliza habari za ambulansi. Wanasema ni ya kuchukua watu wa ajali. Nimeuliza teksi, mtu hawezi kulala ndani. Kuna ile pikapu ya duka la saruji, lakini springi zake zimekufa, ni kama kupanda punda. Basi ni yangu.

Alhamisi, tarehe 1 Machi

Leo nimeteremka mlima mzima na gia ya kwanza.

Mguu sikuuweka kwenye breki hata kidogo. Injini inalia, gari inashuka kama mwanamke mwenye mtungi. Ndivyo tulivyoshusha lori za pamba zamani, breki zikiwa zimekufa kabisa. Nimekumbuka kila kitu. Sikio linajua gari inataka nini.

Nyuma yangu msururu wa magari mpaka haionekani mwisho. Honi! Dereva wa basi alinipita akainama dirishani, akauliza, Mzee, umebeba mayai au maiti? Adero akasimama kule nyuma akamjibu kwa Kijaluo maneno ambayo mimi Mwislamu siwezi kuandika. Basi likaondoka upesi.

Nilisikia Mama Safia akicheka. Nilisikia vizuri kabisa.

Nilipiga breki mara mbili tu, pale Kisian na pale mzunguko wa mjini, na mara zote mbili nilipaza sauti kwanza kupitia dirishani. "Breki!" Kama baharia. Ili Adero amshike.

Ziwani sikwenda. Nilikaa kwenye gari uwanjani pa hospitali, vumbi mpaka milangoni. Mhindi mmoja anayenijua alipita akasema, Muhidin, gari yako imegombana na ziwa? Nikamwambia ndiyo.

Wakati wa kumrudisha kwenye godoro Mama Safia alilitazama lile vumbi. Akasema, hukuosha.

Nikasema leo nimechoka.

Akaniangalia sana. Akanyoosha mkono akanifuta kitu shavuni, sijui kulikuwa na kitu gani.

Alhamisi, tarehe 8 Machi

HABARI NJEMA.

Daktari ameniita pembeni. Akasema, Mzee, safari hizi sasa basi. Usimlete tena. Akae nyumbani, apumzike, awe na watu wake. Akanipa chupa ya dawa, nimpe kijiko kila akiumwa, hata mara nyingi, hakuna kizuizi.

Hakuna kizuizi! Na zamani walikuwa wananihesabia kama dawa ni dhahabu.

Nilimshika mkono nikamshukuru kwa sauti, wagonjwa wote wakageuka. Nikamwambia, daktari, wewe ni kijana lakini unajua kazi. Alishika mkono wangu muda mrefu. Ana adabu.

Kwa hiyo amepona. Au anapona, ni kitu kimoja. Mtu ambaye hajapona hawezi kuambiwa asirudi. Nilinunua nanasi Kisian, kubwa. Nilisimama hata kwa Wabwire nikamwambia kupitia dirishani. Akasema, ee? Akavua kofia. Akasema, haya Mzee. Haya. Hata mzaha hakufanya. Ameona haya, kwa sababu alisema mambo mengi.

Tulipofika nyumbani na kumlaza, Adero alinifuata nje.

"Mzee, ulimsikia daktari?"

"Nilimsikia."

"Basi mwite Safia aje."

Nikasema, wa nini? Mombasa ni mbali, ana watoto, asumbuliwe kuja kumwona mtu anayepona?

Adero akafunika mdomo kwa mkono. Halafu akaingia ndani. Nilimsikia Mama Safia akimwambia pole pole, mwache. Mwache tu.

Wanawake wana mambo yao.

Jumamosi, tarehe 10 Machi

Hajala. Nanasi nimelikata vipande vidogo, alinyonya kimoja akatema. Mtu anayepona huwa hivyo, tumbo linachelewa.

Kijiko asubuhi. Kijiko mchana. Kijiko tena.

Mvua imeanza.

Jumanne, tarehe 13 Machi

Sahani zimefika! Irungu mwenyewe amenitumia habari. Nimezichukua ndani ya karatasi yao ya mafuta, nikazileta kwa Wabwire azifunge. Nimeamua kumsamehe.

Wabwire amefanya kazi kimya. Vijana wake pia kimya, wakasogeza mawe ya kuzuia tairi, mmoja akaniletea kiti na chai. Alipomaliza akafunga ile bisibisi yake kwa waya, akazungusha. Tulisikiliza wote. Hakuna kitu. Sahani inazunguka, inazunguka, haigusi popote. Akaniambia nizungushe mwenyewe. Nilizungusha mpaka mkono ukachoka.

Nikamwuliza malipo yake ya kufunga. Akasema siku nyingine. Wabwire huyu! Anayelipisha mtu hata kwa kutazama injini! Nikamwambia achukue, akakataa, akasema, nenda nyumbani Mzee, mama asikae peke yake.

Nikasema hayuko peke yake, Adero yupo.

Akasema, najua. Nenda tu.

Kutoka Kisian nilijaza bilauri maji nikaisimamisha mbele ya kioo. Nikapanda mlima. Juu kabisa nikageuza, nikateremka tena mpaka chini kwa gia ya pili, nikafunga breki kwenye kila kona, pole pole, kwa nguvu, kwa ghafla. Hakuna tone lililomwagika. Hata moja! Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Nilipiga stering na kiganja. Nilisema kwa sauti, unaona? Unaona?

Kiti cha pembeni hakina mtu. Nyuma kuna godoro tu.

Nilisimamisha gari kando ya barabara nikakaa. Ng'ombe wa mtu walikuja wakapita wakaenda.

Halafu nikapanda tena nyumbani.

Jumatano, tarehe 14 Machi

Safia amefika na basi la asubuhi. Adero ndiye alimpigia simu kutoka posta, bila kuniuliza. Nilitaka kukasirika. Lakini alivyoshuka na kile kikapu chake, amekonda, anafanana na mama yake siku ile nilipomchukua kwao Mumias. Sikukasirika.

Nilimpeleka moja kwa moja kwenye gari. Nikamweleza yote, sahani, Nairobi, bilauri ya maji. Nikamwonyesha ndani kupitia tairi, inavyong'aa. Akasema, "Baba." Basi, hilo tu. Akaweka kichwa begani kwangu kama alikuwa anasikiliza kifua changu.

Sasa yuko ndani. Wanasoma Yasini, yeye na mke wa mwalimu wa msikiti. Nimesimama mlangoni kidogo. Siwezi kukaa ndani mchana. Sijui mikono niiweke wapi. Chumba ni kidogo, na mimi nimezoea kukaa mahali panapokwenda.

Nimeosha gari hapa uani, kwa ndoo. Nilingoja kwanza. Niliingiza mkono kwenye tairi nikagusa ile chuma kwa mgongo wa kiganja, kama unavyompima mtoto homa. Vuguvugu. Nikangoja tena. Ikapoa kabisa. Ndipo nikamwaga maji.

Alhamisi, tarehe 15 Machi

Nimeamka kabla ya alfajiri kama kila Alhamisi. Nikasali. Nikatandika godoro nyuma, na shuka safi, na mito pande zote mbili. Mvua ilikatika. Nikawasha injini ipate moto.

Nilijua daktari alisema asirudi. Najua. Mimi si mjinga. Sikutaka kwenda hospitali. Nilitaka kuteremka naye mpaka Kisian tu, atazame ziwa pale linapoonekana, na kurudi. Mara moja. Ahisi breki. Mtu aliyekaa nyuma na ile gari mbaya, siku zote zile, asihisi ile nzuri hata mara moja? Hiyo si haki.

Nikaingia nikamwambia Safia na Adero wanisaidie kumbeba.

Adero akasema, habebeki, Mzee. Akasema kwa upole. Sikujua Adero ana huo upole kwangu.

Nikasema nitambeba mwenyewe. Nilibeba magunia ya pamba wakati wanaume wenzangu wanakaa chini kupumzika! Nikapiga goti. Nikaweka mkono chini ya shingo yake na mwingine chini ya magoti. Ni mwepesi. Sikujua. Nilianza tu kunyanyua akafungua macho, na uso wake ukawa ule uso wa nyuma ya gari, ambao mimi sikuwahi kuuona, kwa sababu siku zote nilikuwa natazama mbele.

Nikamlaza tena.

Nikamwambia, breki zimepona, Mama Safia. Hazitetemeki tena. Nimezipima na bilauri.

Akasema, "Najua. Nimesikia ukipanda mlima juzi. Nimesikia haikulia."

Nikasema, twende kidogo tu. Kisian.

Akasema, "Zima gari, Muhidin. Uje ukae."

Muhidin. Tangu Safia azaliwe hajaniita hivyo ila siku zile za kunifundisha R.

Nikasema naja, ngoja nikazime.

Sasa niko ndani ya gari. Nimekaa kwenye kiti changu. Funguo iko mahali pake, mkono wangu uko juu ya funguo. Nimekanyaga breki hapa hapa gari ikiwa imesimama, pedali ni nzuri, inashuka kidogo halafu inashika. Injini inanguruma vizuri, haina kosa lolote. Nikizima itakuwa kimya uani, na nitatakiwa kutembea mpaka mlangoni.

Safia amefungua dirisha la chumba. Amemnyanyua kichwa kidogo kwenye mto, wote wawili wananitazama. Nimewapungia mkono.

Naandika hii nimalize. Halafu nazima. Anaita tena